Kisima Kimoja, Vipimo Viwili: Tathmini ya Huduma ya Kupima Maji Kigoma

Mgahawa wangu uko Ujiji, upande wa kuteremkia Ziwa Tanganyika, na kwa miaka tisa umetumia maji ya namna mbili: ya bomba yanapotoka, na yasipotoka, ya kisima kilichochimbwa kwa mkono nyuma ya jiko. Kisima hicho nilikilipia huduma ya kupimwa maji mara mbili, mara ya kwanza mwezi Agosti mwaka jana na mara ya pili mwezi Januari mwaka huu, na kwa kuwa wenzangu wa biashara ya chakula wananiuliza kila mara kama fedha hiyo inarudi, nimeona niandike maoni yangu kwa urefu. Maabara yenyewe sitaitaja jina, kwa sababu mengi ninayoyalalamikia hayatokani na watumishi wake bali na namna huduma ilivyopangwa.

Kilichonipeleka huko ni swali la afisa afya. Alikuja kukagua jiko, akatazama sufuria, akatazama vyeti vya afya vya wasichana wangu, kisha akauliza maji ya kuoshea kachumbari yanatoka wapi. Nilimjibu kuwa yanatoka kisimani na kwamba ni meupe kabisa. Akaniambia kwa upole, "Mama, kipindupindu nacho hukaa kwenye maji meupe." Mtu wa Kigoma haambiwi maneno hayo mara mbili. Mwezi Mei 2015, wakimbizi kutoka Burundi walipojazana katika kijiji cha Kagunga, kaskazini mwa mkoa, wakinywa maji ya ziwa lile lile walilojisaidia kando yake, watu wapatao 3,000 waliugua na zaidi ya 30 walikufa, huku meli ya MV Liemba na maboti mengine yakiwahamisha walionusurika kuja huku mjini. Ziwa lilikuwa linang'aa siku zile kama linavyong'aa leo.

Niseme mapema kwamba safari ya kwanza ilikuwa hasara tupu. Nilifika siku ya Ijumaa nimebeba chupa ya maji ya dukani niliyoisuuza vizuri na kuijaza tangu alfajiri, nikaambiwa kwamba chupa haifai, muda haufai na siku haifai. Nauli ya bajaji ya kwenda na kurudi ikawa imepotea. Nilikasirika, lakini sababu nilizopewa baadaye zilikuwa za kweli. Chupa ya kuchukulia sampuli ya bakteria hutakaswa kwa joto maabara, kwani mdomo wa chupa ya dukani una vijidudu vyake ambavyo vitahesabiwa kana kwamba vimetoka kisimani. Ikiwa maji ni ya bomba, ndani ya chupa huwekwa kemikali kidogo ya kuifisha klorini, la sivyo dawa itaendelea kuua bakteria njiani na majibu yatakuja mazuri kuliko maji yenyewe. Sampuli hubebwa kwenye barafu na inapasa kuanza kupimwa ndani ya saa 6 tangu kuchotwa. Ama Ijumaa, shida yake ni kwamba kipimo cha bakteria husomwa baada ya saa 24, na Jumamosi hakuna wa kukisoma. Haya yote yangeandikwa kwenye karatasi moja na kubandikwa mlangoni, au mpokea simu angeyasema nilipopiga siku iliyotangulia kuuliza kama wanapima maji, naye akanijibu "ndiyo, njoo" na kukata.

Nilirudi Jumatatu, nikapewa chupa iliyofungwa kwa karatasi ya fedha na kasha la barafu la kuazima, na Jumanne asubuhi nikachota kama nilivyoelekezwa: kamba na ndoo zioshwe, maji ya ndoo ya kwanza yamwagwe, kifuniko cha chupa kishikwe mkononi bila kuwekwa chini, na chupa isijazwe hadi juu. Kwenye dirisha la mapokezi niliulizwa ninataka kifurushi kipi. Kidogo kinapima bakteria wa kinyesi, uchachu wa maji, chumvi iliyoyeyuka na tope. Kikubwa kinaongeza nitrati, floridi, chuma, ugumu wa maji na vingine kadhaa. Bei ya kidogo ilikuwa karibu na ya dumu moja la mawese la lita 20 katika msimu wa bei nzuri, na ya kikubwa ilizidi mara tatu. Mpokezi alinisukuma taratibu kuelekea kikubwa, nami nikakubali, kwa ile hofu ya mtu anayeulizwa kama anataka dawa kamili au nusu.

Upimaji wenyewe nausifu bila kusita. Fundi wa maabara, binti mdogo mwenye subira kubwa, alinikubalia nisimame pembeni nitazame. Alipitisha mililita 100 za maji yangu kwenye karatasi ya chujio yenye vitundu vya maikromita 0.45, vidogo kiasi kwamba bakteria hubaki juu yake, akailaza karatasi hiyo kwenye kisahani chenye chakula cha vijidudu, akakiingiza kwenye kabati la joto la nyuzi 44. Alinieleza kuwa joto hilo huwachuja wakaazi wa kawaida wa udongoni na kuwaacha waliozoea matumbo ya binadamu na wanyama, kila mmoja akikua kuwa kidoa kinachohesabika kwa macho. Kando ya kisahani changu aliweka kingine chenye maji safi yaliyotakaswa, ili kesho yake kisahani hicho kikionekana na kidoa, ajue kosa ni lake na si la kisima changu. Mahali ambapo fundi anajitilia shaka mwenyewe kabla ya kumtilia shaka mteja, mimi naweka fedha yangu bila wasiwasi.

Majibu yalitoka baada ya siku tano kwa sababu ya vipimo vya kemikali, na hapo ndipo huduma inapoanza kulegea. Karatasi ina safu nne: jina la kipimo, kizio, kilichopatikana na kiwango kinachoruhusiwa kwa mujibu wa TZS 789, yaani kiwango cha Shirika la Viwango Tanzania cha maji ya kunywa. Majina ya vipimo yote yameandikwa kwa Kiingereza. Hakuna sentensi hata moja inayosema kama maji yanafaa au hayafai, wala ushauri wa nini kifanyike. Kwa bahati nzuri mstari wa E. koli, yaani wale bakteria wa kinyesi, ulikuwa rahisi kuusoma: kilichopatikana 0, kinachoruhusiwa 0. Nitrati ilikuwa chini ya kikomo, floridi ilikuwa kidogo sana. Nililaminisha karatasi hiyo nikaitundika ukutani karibu na bei za migebuka na ugali wa muhogo, na nakiri kwamba kwa miezi mitano nilijiona niko juu ya wauzaji wote wa barabara yetu.

Mvua zilianza Novemba. Mwishoni mwa Desemba maji ya kisima yalipanda hadi nikawa natumia nusu ya kamba, na rangi yake ilikuwa ile ile. Wasichana wangu wawili waliumwa tumbo katika wiki moja. Sikuhusisha mambo hayo mpaka yule afisa afya alipopita tena, akaisoma karatasi ukutani, akaweka kidole juu ya tarehe na kusema, "Hii ni ya kiangazi, mama." Nikapeleka sampuli nyingine Januari, safari hii kifurushi kidogo pamoja na nitrati tu, siku ya Jumanne, nikiwa na barafu yangu.

Kesho yake binti wa maabara alinipigia mwenyewe kabla karatasi haijachapwa. Alisema vidoa vilikuwa vingi vimegusana, hawezi kuvihesabu, na ataandika hivyo hivyo kuwa havihesabiki. "Mama, choo cha karibu kiko umbali gani na kisima, na kiko juu au chini ya mteremko?" Nilipima kwa kamba jioni ile. Choo changu kiko mita 35 upande wa chini. Choo cha shimo cha jirani yangu, kilichojengwa miaka miwili iliyopita nyuma ya ukuta, kiko mita 14 upande wa juu. Kanuni wanayoifundisha watu wa afya ni kuacha angalau mita 30 kati ya choo na chanzo cha maji, na tako la shimo libaki angalau mita moja na nusu juu ya kina cha maji ya ardhini. Wakati wa kiangazi udongo ulio kati yetu ni mkavu na mzito, nao unafanya kazi ya chujio. Masika maji ya ardhini hupanda hadi kukutana na shimo, na kilichomo ndani husafiri. Nitrati nayo ilikuwa imepanda kuliko Agosti, ingawa bado haikufika kikomo, na fundi akasema hiyo ni alama ya pili inayoelekeza kwenye choo.

Simu ile ilikuwa na thamani kuliko karatasi zote mbili, lakini haimo katika huduma niliyolipia. Aliipiga kwa hiari yake. Angekuwa likizo, ningepata maneno ya Kiingereza kwenye safu ya tatu na muhuri chini.

Jambo lililonishangaza zaidi ni hatima ya majibu hayo. Nilidhani kwamba karatasi inayoonyesha kinyesi katika maji ya mgahawa itafika mahali fulani yenyewe, lakini majibu ni mali ya aliyelipia. Ningeweza kuichana ile ya Januari, nikabaki na ya Agosti ukutani, na hakuna ambaye angejua. Nilipouliza ofisi moja ni nani anayefuatilia maji ya visima vya watu binafsi mjini, nilielekezwa ofisi ya pili, na ya pili ikanielekeza ya tatu, ambayo ilinirudisha ya kwanza.

Ukisoma sheria, mzunguko huo unaeleweka kidogo. Ziwa, mito na maji ya ardhini kama rasilimali vimo mikononi mwa bodi za maji za mabonde kwa Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009. Nchi ina mabonde tisa, na bodi ya bonde la Ziwa Tanganyika makao yake yako hapa hapa Kigoma. Bodi ndiyo inayotoa kibali cha kutumia maji na kibali cha kutiririsha maji taka. Maji ya bomba mjini hutolewa na mamlaka ya maji inayosimamiwa na EWURA, mdhibiti wa huduma za nishati na maji, na vijijini kuna RUWASA, wakala wa maji vijijini, iliyoanzishwa kwa Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira ya 2019. Uchafuzi wa mazingira kwa jumla uko kwa NEMC, baraza la taifa la mazingira, chini ya sheria ya mazingira ya 2004, na mgahawa kama wangu uko chini ya afisa afya kwa Sheria ya Afya ya Jamii ya 2009. Kila ofisi ina kipande chake cha maji na inakijua. Kisima cha nyuma ya jiko, kilichochimbwa na shemeji kwa sururu na kulipwa kwa mchele, kinagusa vipande vyote hivyo bila kukaa sawasawa katika kimoja, na mtu pekee aliyewahi kukiulizia kwa hiari yake ni yule afisa afya mwenye pikipiki.

Kuna jambo jingine nililojaribu kulifanyia kazi kwa huduma hii, nami nawatahadharisha wenzangu wasirudie. Juu kidogo ya mtaa wetu kuna mashine ya kukamua mawese, na maji yake ya kahawia, yenye moto na harufu kali, hutiririka mferejini hadi ziwani. Nilijaza chupa kutoka kwenye mfereji huo nikaipeleka ili nipate ushahidi. Maabara ilikataa kuipima kwa kifurushi cha maji ya kunywa, na ilifanya vyema. Maji taka hupimwa kwa vigezo vingine. Muhimu zaidi ni kiasi cha oksijeni ambacho vijidudu hutumia kuyaozesha, kinachopimwa kwa siku tano katika nyuzi 20, na kanuni za ubora wa maji za 2007 hazimruhusu mtu kumwaga maji yanayozidi miligramu 30 za oksijeni hiyo kwa lita. Maji ya kukamulia mawese yasiyotibiwa kwa kawaida huvuka kikomo hicho kwa mamia ya mara, kwa sababu yamejaa mafuta na mabaki ya tunda, na yakiingia mahali maji yametulia huinyonya oksijeni ambayo samaki wanaihitaji. Hata hivyo sampuli niliyochota mimi haina uzito wowote katika shauri. Mwenye mamlaka ya kuichukua ni mkaguzi wa mazingira, kwa utaratibu uliowekwa, ili mwenye mashine asije akasema kwamba chupa ilijazwa kwingine.

Niliandika barua kwa ofisi husika kuhusu mfereji huo, nikiambatanisha picha. Walipokea, wakagonga muhuri kwenye nakala yangu, na kwa sasa muhuri huo ndio jibu nililonalo. Sisemi hivi ili mwenye mashine afungiwe, kwani mimi mwenyewe nanunua mawese yake na vijana wanne wa mtaa wanakula kwa mashine ile. Shimo moja la kutuliza mafuta kabla ya maji kutoka, na lingine la kuyaacha yaoze, yangepunguza sehemu kubwa ya uchafu. Ila ziwa hili si la kuchezewa. Lina kina kinachofika mita 1,470, limebeba karibu asilimia 17 ya maji yasiyo na chumvi yaliyo juu ya ardhi duniani ukiondoa barafu, na lina mto mmoja tu wa kutokea, Lukuga, upande wa Kongo. Kinachoingia humo hukaa vizazi na vizazi. Nchi nne zinazolizunguka zilitia saini mkataba wa kulitunza mwaka 2003 jijini Dar es Salaam. Mfereji wetu una upana wa hatua mbili, na mkataba huo ungepaswa kuufikia nao.

Wapo watakaouliza kuhusu vichupa vya kujipimia nyumbani, vile vyenye kikaratasi ndani kinachogeuka cheusi. Nilipata vitatu kwa mtu wa mradi mmoja wa maji, nikavitumia Januari sambamba na maabara. Unajaza, unaacha mahali pa joto siku moja hadi tatu, na maji yenye bakteria wa kinyesi kwa kawaida hugeuka meusi kwa sababu bakteria wanaofuatana na kinyesi hutoa gesi yenye harufu ya yai viza. Vyangu vyote vitatu viligeuka siku ya pili, sawa na majibu ya maabara. Udhaifu wake ni kwamba havihesabu, na kisima chenye gesi hiyo kwa asili kitakutisha bure. Kwa mtu wa mwaloni Kibirizi au Katonga anayetaka kujua tu kama achemshe au asichemshe, vinatosha. Kwa afisa afya havitoshi.

Kwa hiyo tathmini yangu ni hii. Kwa usahihi na uaminifu wa upimaji naipa huduma nyota tano. Kwa karatasi ya majibu naipa mbili, na ya pili ni kwa ajili ya muhuri ulionyooka. Kwa bei nasema inastahili, mradi usinunue kama nilivyonunua mimi. Kifurushi kikubwa kinafaa mara moja, kisima kikiwa kipya, kwa sababu floridi na chuma hutoka kwenye miamba na haviruki ruki kutoka mwezi hadi mwezi. Bakteria wanabadilika na mvua, hivyo ni heri kifurushi kidogo mara mbili kwa mwaka, mwisho wa kiangazi na katikati ya masika, kuliko kikubwa kimoja cha kutundika. Ukilipia mara moja tu, lipia ya masika.

Nenda Jumatatu hadi Jumatano. Chukua chupa yao siku moja kabla, beba barafu, andika saa uliyochota, na kabla ya kuondoka omba fundi akuambie kwa mdomo kila mstari una maana gani, hawakatai ukiwauliza. Pima pia umbali wa vyoo vyote vinavyokizunguka kisima, pamoja na vya upande wa pili wa ukuta, kwa maana ndilo swali watakalokuuliza majibu yakiwa mabaya.

Kisima changu sasa kinatumika kuoshea sakafu na kumwagilia mchicha, maji ya kachumbari yanachemshwa tangu usiku, na jirani ameahidi kuhamisha choo mvua zikikatika. Ukutani nimetundika karatasi zote mbili, ya Agosti na ya Januari. Mteja mmoja wa migebuka alizisoma, akaniuliza ipi ndiyo ya kweli, nikamwambia zote, kisha nikamletea maji ya kunawa kutoka kwenye pipa la bomba.